Sauti Chini ya Viti

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na nane Oktoba, siku ya kufunguliwa kwa Ukumbi wa Ellicott mjini Buffalo, kabla mchezaji hata mmoja wa hoki hajakanyaga barafu.

Watu waliingia vizuri. Jezi za buluu, mashavu yaliyopakwa rangi, watoto mabegani mwa baba zao. Norbert Wachowiak, fundi aliyefunga vifaa vyote vya waifai vya jengo lile, alisimama nyuma ya safu ya juu kabisa. Koti lake la kampuni alikuwa amelifua na kulipiga pasi kwa heshima ya siku hiyo. Viti vilipojaa nusu, kila kitu kilikwenda. Vilipojaa vyote, mtandao ukafa.

Heri ungekufa wa kufa. Kila simu ilionyesha alama ya waifai imejaa pomoni, ila hakuna kilichopita. Muuza mabawa ya kuku aliigonga mashine yake ya kadi kama anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Foleni ya bia ikapinda, ikajipinda tena. Waliochelewa wakakwama getini, tiketi zao zimo ndani ya simu na simu haziwasikilizi.

"Ukumbi wa kisasa huu!" akapayuka jamaa mmoja mwenye kofia ya pembe. "Leteni njiwa basi watupelekee salamu!"

Hapo ndipo Norbert alipomwona Ivelisse Quiles, mhandisi aliyeuchora mtandao ule. Alikuwa safu chache chini yake, koti la rangi ya divai, hereni kubwa za dhahabu masikioni, kipimo cha mawimbi mkononi. Aliinama, akapitisha mkono chini ya kiti, akapapasa. Zege tupu. Akapapasa cha pili. Zege tupu. Kisha akainua uso kuelekea darini, ambako visambazaji vya waifai vilikuwa vimening'inia kwenye vyuma kama popo. Mwisho akamtazama Norbert.

"Chini ya viti hakuna kitu," alisema alipomfikia.

"Ive, si ulikubali mwenyewe viende juu?"

"Nilikubali?" Alinyoosha kipimo kuelekea darini. "Mchoro ule una jina langu, Norbert. Ungenipiga kofi ningekuelewa zaidi."

"Ngoja kidogo, mama..."

Hakungoja. Umati ulimmeza, na koti lile la rangi ya divai likapotea kwenye bahari ya buluu. Dakika ile ile simu ya upepo kiunoni mwa Norbert ikakoroma. Alikuwa Halvorsen, meneja wa mradi: "Mwambieni kila mtu kosa ni la mchoro. Mnasikia? La mchoro!"

Wakubwa ndivyo walivyo. Huchuma janga asubuhi, na jioni wakatafuta mdogo wa kulila.

Norbert na Ivelisse walikuwa wamekutana wiki ya Pasaka mwaka ule ule, sokoni upande wa mashariki, kwenye foleni ya mwanakondoo wa siagi, siagi iliyofinyangwa umbo la mwanakondoo kwa ajili ya meza ya Pasaka. Wiki hiyo Wapolandi wote wa Buffalo huwa wamebanana mle ndani na harufu ya soseji na figili. Norbert alikuwa amefuata desturi ya Arlene, mkewe, ambaye hakukubali Pasaka ipite bila mwanakondoo yule mezani. Arlene alikuwa amefariki. Bima ilikaa na karatasi ya matibabu yake ikiisubiri sahihi ya mkubwa fulani, na mkubwa alipomaliza likizo yake na kutia sahihi, Arlene alikuwa kaburini. Tangu hapo Norbert hakumwamini mtu mwenye tai.

"Mzee, unasukuma," sauti ya kike ilimwambia kutoka mbele.

"Sisukumi. Nasukumwa."

"Basi mwambie anayekusukuma kwamba mbele yako kuna mtu, si mlango."

Akamtazama vizuri. Mwanamke wa makamo, skafu ya rangi ya chungwa, buti nyekundu, simu ameinua juu kana kwamba anaombea mvua.

"Na wewe unapiga picha dari?"

"Natafuta kisambazaji cha waifai. Kile pale, unakiona? Mtu kakifunga nyuma ya bomba la chuma. Maskini! Ni kama kumfungia mwimbaji kabatini halafu ukalalamika humsikii. Sijui mjinga gani kafanya vile."

Norbert alikohoa. "Mjinga ni mimi."

Mwanamke alifunika mdomo kwa skafu, macho yakicheka.

"Bosi wangu ndiye aliyesema kiwekwe pale," Norbert akajitetea. "Alisema kikiwekwa wazi kinachafua sura ya jengo."

"Na mkono uliokifunga ulikuwa wa bosi?"

Hakuna aliyemsema hivyo tangu Arlene aondoke. Alitaka kukasirika, akajikuta anacheka mpaka bibi wa nyuma yake akamwangushia kikapu cha mayai miguuni. Jumatatu iliyofuata aliingia Ukumbi wa Ellicott, wakati huo ukiwa zege na vumbi, akakuta buti zile nyekundu zinamsubiri.

"Aa! Mzee wa kabati!" Ivelisse alimlaki. "Kumbe wewe ndiye fundi wangu?"

"Mungu anakujaribu, mama."

"Au anakuadhibu wewe."

Ukikiona kisambazaji hutakidhania kitu: kisahani cheupe, kipana kama sahani ya kulia, na nukta moja ya taa ya buluu. Waya mmoja mwembamba hukiletea umeme na maneno kwa pamoja. Norbert alikuwa amefunga mamia ya vile maishani mwake, mashuleni na mahospitalini, kama mtu anavyofunga balbu. Ni Ivelisse aliyemfundisha kuvistaajabia.

"Hiki kinasema na watu mamia, kwa zamu," alimwambia wakila mikate ya nyama kwenye ngazi za zege. "Zamu zenyewe fupi kuliko kope kupepesa. Kila mmoja anadhani anasikilizwa yeye peke yake."

"Kama padre kwenye kitubio."

"Kama wewe na wajane wa parokia yenu."

"We!"

"Sikia basi. Jirani yake akizimika, hiki kinapaza sauti kidogo kuziba pengo. Jirani akipona, kinashusha. Ukitembea na simu unazungumza, kinakukabidhi kwa mwenzake huku neno lako liko nusu mdomoni, na hujui. Kikigundua chaneli yake ina makelele, kinahamia nyingine. Hawafanyi kikao, hawaandikiani barua."

"Wangekuwa mameneja hawa..."

"Norbi, usianze."

Akacheka, akauliza lililokuwa likimkera tangu alipoona mchoro. "Lakini kwa nini chini ya viti? Itabidi nitoboe zege la ngazi hizi zote. Dari ipo, kubwa, tupu."

Ivelisse alijifuta chumvi ya mkate vidoleni, akasimama na kunyoosha mikono juu ya viti ambavyo bado havijafungwa.

"Ukiviweka darini vinaonana vyote, vinapayukiana. Halafu viko mbali, kwa hiyo utataka kuvipandisha nguvu. Ukivipandisha, simu itavisikia, ila vyenyewe havitaisikia simu. Simu ina sauti ndogo, Norbi. Sasa viweke chini ya viti, vinong'one tu. Kisha jaza watu. Mwili wa mtu ni maji, na maji huyanywa mawimbi. Watu wenyewe wanakuwa kuta! Kila kisambazaji kinawahudumia majirani zake, cha pili hakikisikii."

"Yaani watu wanavyozidi kujaa ndivyo kunavyozidi kutulia?"

"Ndivyo hivyo."

Norbert aliutazama ukumbi mzima, akayaona yote, watu wakigeuka kuta na visahani vikinong'ona miguuni pao. Kisha akamtazama yule mwanamke aliyesimama kwenye vumbi na hereni zake za dhahabu. Hakumbuki alipenda kipi kwanza.

Kuanzia hapo zikawa simu. Simu za asubuhi kabla ya kahawa, simu za jioni wakipika kila mtu kwake, yeye viazi, Ivelisse wali na maharage.

"Umekula nini, mzee wangu?"

"Viazi."

"Na jana?"

"Viazi vya namna nyingine."

"Njoo nikulishe kabla hujachipua mizizi."

Akaenda. Akanyoa ndevu kwanza, akavaa shati alilolivaa mara ya mwisho kwenye mazishi, na Ivelisse alipomfungulia akalifungua kifungo cha shingoni akamwambia, "Pumua, roho yangu. Hapa hakuna marehemu."

Lakini alikuwapo. Jumapili moja ya Agosti Ivelisse alipiga simu ya mkononi ya Norbert, ikawa imezimika chaji, akapiga ya nyumbani. Mwanamke akapokea, sauti changamfu: "Hapa kwa Norbert na Arlene! Tumetoka kidogo, acha ujumbe mpenzi." Ilikuwa mashine ya ujumbe, sauti ya marehemu iliyorekodiwa kwenye mkanda. Ivelisse hakuacha ujumbe.

"Nimeongea na mkeo," alimwambia kesho yake kazini.

Uso wa Norbert ulibadilika. "Usimguse Arlene."

"Sijamgusa. Yeye ndiye aliyepokea simu." Kisha, kwa upole, "Unajua kuna simu zenye tabia mbaya. Zinang'ang'ania kisambazaji cha mbali, kule zilikotoka, mawimbi yamebaki uzi, na kingine kiko pale pale kinaziita. Hazisikii."

"Mimi si simu, Ivelisse."

"Najua. Simu ningeizima nikaiwasha."

Ulikuwa utani, ila ulichoma. Mwenye kovu usidhani kapoa. Akamjibu vibaya, naye akajibiwa vibaya, na wiki hiyo kampuni ikamtuma Norbert kazi nyingine Rochester, na Ivelisse ikamtuma Syracuse. Kila mmoja alisubiri mwenzake apige kwanza. Simu zililala mezani kama paka wawili walioshiba.

Halvorsen hakuhitaji zaidi ya hapo. Ratiba ilikuwa imemwelemea, kutoboa zege kunachukua muda, na yeye alikuwa ameshawaahidi wakubwa zake tarehe ya ufunguzi. Norbert aliporudi alikuta amri: visambazaji vyote darini, nguvu juu.

"Mama Quiles anajua?" aliuliza.

"Ndiye aliyependekeza," Halvorsen alijibu, akirekebisha tai.

Ilimuuma. Kumbe mwanamke yule angeweza kuibadili ndoto ile bila hata kumwambia! Akapanda na vifaa darini, akavifunga kimoja kimoja, kwa hasira, tena vizuri. Halvorsen akavipima ukumbi ukiwa mtupu, bila mwili hata mmoja wa kunywa mawimbi. Majibu yakawa ya kupendeza. Hilo ndilo kosa la watu wa kazi hii: hupima nyumba haina wenyeji, wakashangaa wenyeji wakija.

Kesho yake baada ya aibu ile, Jumapili baada ya misa, Norbert aliendesha gari mpaka upande wa magharibi wa mji, akabisha. Ivelisse alifungua akiwa na gauni la nyumbani, unga mpaka viwikoni. Nyuma yake mafuta yalikuwa yakichemka na sambusa za Kipuertoriko zikisubiri zamu.

"Kama umekuja kuniambia bosi ndiye aliyesema, rudi," alisema.

"Nimekuja kuuliza. Kwa nini ulikubali vifungwe darini?"

"Mimi nilikubali? Nani kakwambia?"

"Halvorsen."

Ivelisse alibaki na mkono hewani, unga ukimdondoka. "Halvorsen aliniambia mimi viko chini ya viti, isipokuwa vichache ulivyokataa wewe. Kwamba umesema zege la ngazi za juu halitoboki, umechoka, umri umekwenda."

"Mimi? Umri?" Norbert alifura. "Yule mbwa! Yule... nyoka wa tai! Ndivyo walivyo wote, wanakaa juu wanakunywa kahawa, sisi huku..."

"Norbert."

"...sisi huku tunagombana kama kuku wa kufungwa miguu..."

"Norbert! Yeye kamdanganya kila mmoja wetu mara moja tu. Sisi tulikuwa na simu mbili. Mbili! Kazi yetu ni kuwafanya watu wasikilizane, na hakuna aliyebonyeza kitufe."

Norbert alisimama kizingitini, kofia mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi hakuona mwenye tai wa kumtupia lawama ile.

"Mafuta yanaungua," alisema mwishowe.

"Yaache yaungue." Kisha akageuka haraka kuuzima moto. Alipokuwa amempa mgongo, akasema, "Ile sauti ya Arlene, sikukuambia uifute."

"Ive..."

"Sikiliza. Ni sauti nzuri. Ningeipenda ningemjua. Mimi nilitaka kujua tu kwamba nikipiga, kuna mtu aliye hai atakayepokea."

"Atapokea," Norbert alisema. "Nimempa dada yake Arlene ule mkanda wa sauti leo baada ya misa, aliuomba tangu zamani. Nimebaki na simu ya mkononi. Nina chaja nyumbani, nina nyingine kwenye gari."

Ivelisse aliangua kicheko, machozi yakachora njia mbili kwenye unga wa mashavu. "Chaja mbili! Jamani, mahaba haya! Ingia, mzee, unaniingizia baridi."

Mwenye ukumbi hakutaka maneno, alitaka mtandao. Ivelisse alimwekea mezani mchoro wake na picha ya dari. Akapewa muda mpaka mchezo wa Novemba, timu itakaporudi nyumbani kutoka safari. Halvorsen hakufukuzwa, watu wa aina yake hawafukuzwi. Alipandishwa cheo, akahamishiwa Chicago.

Basi wakatoboa. Drili ziliunguruma kuanzia asubuhi, vumbi la zege likawafanya wote kuwa na mvi sawa. Waya zilipandishwa kutoka chini ya ngazi, kila shimo likazibwa maji yasipite, kila kisambazaji kikalazwa ndani ya kijisanduku chake chini ya kiti, kimekingwa na bia na viatu. Ivelisse alipita nyuma akivishusha nguvu, safu kwa safu, kama mama anayepita vitandani akiwaambia watoto wanong'one. Norbert alimtazama magoti yakimuuma, akaona hajapata kufanya kazi nzuri kama ile.

Ni katika siku hizo, wakila, Ivelisse alipomwambia.

"Wamenipa ukumbi wa Phoenix. Mkubwa mara tatu ya huu. Naondoka baada ya Mwaka Mpya." Alikuwa akiutazama mkate wake. "Binti yangu yuko kule. Mjukuu ameanza kutembea."

"Ni habari njema," Norbert alisema.

"Ndiyo."

"Phoenix kuna joto."

"Sana."

Norbert alizaliwa Buffalo, mtaa ule ule, akaoa humo, akazika humo. Theluji ya mji ule aliijua kwa majina. Mkubwa wa kumlaumu alimtafuta, akakosa: hapakuwa na aliyekosea. Mwanamke alikuwa hodari, na uhodari wake umeitwa.

Siku ya mchezo ukumbi ulifurika mpaka ngazi za mwisho. Norbert aliketi safu za juu, akihesabu viti. Viti vilijaa nusu, sawa. Vilijaa robo tatu, sawa. Vilijaa vyote, na jamaa wa mbele yake akampigia mama yake aliye Florida, sura ya bibi ikatokea kwenye kioo, angavu, akiuliza, "Umevaa soksi nzito?" Mashine za kadi zikalia ti, ti, ti kama vifaranga. Binti mmoja alirusha video ya bao kabla kipa hajainuka. Watu kwa maelfu walikuwa wamekalia kazi yake na hakuna aliyejua, na kutojua kwao kulimtia fahari kuliko makofi.

Simu yake ikaita.

"Mzee wangu! Unaona?" Ivelisse alikuwa akihema. "Nazunguka ukumbi mzima kwa miguu, napima. Nimekupigia kwa waifai. Niambie kama nitakatika."

"Hukatiki."

"Nimepita geti la kaskazini. Bado?"

"Bado. Nakusikia kama uko begani."

"Wananipokezana, Norbi! Sijapoteza hata herufi. Ongea, ongea chochote, nataka nijaribu upande wa kusini."

Alimwona ng'ambo ya barafu, kidoa kidogo cha rangi ya divai kikikata umati wa buluu, simu sikioni.

"Niongee nini?"

"Chochote! Viazi!"

Norbert alisimama. Magoti yakalia. Jamaa wa kofia ya pembe nyuma yake akafoka, "Kaa chini, babu, hatuoni!" Hakukaa.

"Ive, nimezungumza na chama cha mafundi. Phoenix wanahitaji watu wa kutoboa zege."

Kidoa kile kilipunguza mwendo.

"Hakuna aliyenituma," akaendelea. "Bosi hajasema. Nimewaza mwenyewe. Nyumba dada yake Arlene ataitazama. Joto nitalizoea, na nisipolizoea nitalalamika, unanijua. Sitaki kukufuata kama fundi wako, lakini. Watu watauliza, huyu mzee ni nani, na mimi nataka uwe na la kuwajibu."

Ng'ambo ya barafu, kidoa cha rangi ya divai kilisimama kabisa. Watu walikipita kushoto na kulia. Timu ya nyumbani ilifunga, na ukumbi mzima ukainuka kwa mngurumo, mikono, skafu, bia zikiruka, kuta zote za watu zikisimama kati yao wawili, naye hakumwona tena. Lakini sikioni mwake hakukuwa na mkwaruzo wala mkato. Alisikia hereni ikigonga kioo cha simu. Alisikia pumzi yake ikiingia, ikakaa, haikutoka. Safari hii hata mtandao hauwezi kusingiziwa.

"Ive," alisema, "utaolewa na mimi?"